Hesabu ya Masika Haikumalizika

Yaya wangu Masika, dada yangu mkubwa,

Siku moja kule Masereka ulinipangia viazi kumi na vitatu juu ya gunia. "Kavira, gawa hivi, kila mutu apate sawasawa." Nikajaribu kwa wawili, kwa watatu, kwa wanne, kila mara kiazi kimoja kinabaki. Ukacheka. "Hii haigawanyike, ni nombre premier, namba tasa. Na haziishe, mudogo wangu. Mbele ya kubwa kuko kubwa ingine."

Ukawa mwalimu wa hesabu Butembo, na vita vikatukuta huko. Padri mmoja alikuletea programu kwenye disketi kutoka Kampala. Ulinieleza kwamba huko duniani watu wanatafuta namba ya aina ile kubwa kuliko zote zilizokwisha kujulikana, kila mashine na namba yake moja ya kupima kama inagawanyika. Papa Kambale, jirani yetu muuza mabati, akakukubalia utumie kompyuta aliyoitoa Dubai. Jenereta ya duka lake ikizimika, hesabu inasimama. Ikiwaka, inaendelea ilipoachia. Miezi ikapita hivyo. Ulikuwa ukitoka shule unapitia kwake, unakiangalia kioo kama mtu anayechungulia chungu cha maharage.

Halafu askari wakaja dukani. Walibeba jenereta, kisha kompyuta. Ulisimama mlangoni.

"Chef, muniachie kidogo tu, hesabu iko karibu kuisha!"

"Mama, longwa! Toka!" mmoja akasema, akakusukuma kwa bega. Nilikushika mkono nikakuvuta kando. Papa Kambale alikuwa ameketi chini.

Tukasikia wamepeleka kila kitu Beni. Kesho yake ukafunga kitenge. Mama akalia: "Usiende, mwana wangu. Namba ni kitu gani hata ikuue?"

"Mais mama, sitaomba mashini. Nitaomba tu banionyeshe hesabu yenye iko ndani."

Dereva wa lori alituapia kwamba alikushusha Bungulu, mtaa wa Beni, mzima, ukamuaga kwa mkono. Baada ya hapo, hakuna. Baba aliuliza Bungulu nzima, akauliza mtaa wa Ruwenzori. Kambini kwa askari walimfukuza kwa kitako cha bunduki. Hatukuweka matanga, maana tungelilia nini? Wala hatuwezi kukungoja kama watu wanavyomngoja msafiri. Mpaka leo lori la Beni likifunga breki, mama anakaa wima.

Juzi redio ilitangaza kwamba namba tasa nyingine, kubwa kuliko zote zinazojulikana, imepatikana ng'ambo. Mama akaacha kuchambua majani ya sombe.

"Ni ile ya Masika?"

"Sijue, mama."

Kweli sijui. Ile yako ilikuwa ndefu mno, haikuwa ya kutajika kwa kinywa.

Akasema, "Kama ni ile, bamutafute basi. Bamuambie."

Nikachukua kalamu nikuandikie.

Popote ulipo, yaya, ulale pakavu.

Mudogo wako,
Kavira