Kufuli la Kibanda cha Mchanga

MAELEZO YA SHAHIDI
Tabora, tarehe 11 Oktoba 1951, saa kumi jioni
Jina: Koleta binti Mahona
Umri: miaka arobaini na tatu
Dini: Mkatoliki
Kazi: mchujaji wa nta
Makazi: Gongoni

Nasema mbele ya Koplo Shilinde. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe, kwa sababu mmemfunga Damas, mchochea moto wetu, eti kavunja mlango wa kampuni. Damas hakuvunja kitu.

Ghalani pale, karibu na stesheni, nimechuja nta miaka kumi na sita. Mwezi wa pili mwaka huu Bwana Crofton, meneja wetu, alianzisha mpango wa kuzima moto. Alijenga kibanda, akatia ndoo kumi na mbili nyekundu zenye mchanga, akafunga kufuli. Ufunguo anauning'iniza kiunoni. Kila Jumatatu anapiga filimbi, tunajipanga mbele ya kibanda kilichofungwa, tunapokezana ndoo kwa mikono mitupu. Watu wazima! Nilimwomba atufungulie walau mara moja. Akasema, "Ndoo zitachakaa kabla mkaguzi hajaziona." Nikamweleza kwamba nta ikiwaka haimwagiwi maji, inataka mchanga, na mchanga uwe karibu. Akasema, "Koleta, wewe chuja nta." Basi nikachuja.

Leo saa saba na dakika ishirini mchana, Bwana akiwa kwake anakula, pipa la tatu la kuyeyushia nta lilifurika na nta ikaingia motoni. Miali ilipanda usawa wa kifua changu, upande ule ule wa mlango wa ghala, na wanawake sita walikuwa ndani. Justus, karani wetu, alikuja mbio na ndoo ya maji. Nilimpiga mkono, ikamwagika chini. Nitamwomba radhi, lakini si leo.

Nilichukua shoka la kuni, nikapiga mara mbili pete ya mlango wa kibanda iliyoshika kufuli, ikang'oka. Nikamwambia Damas ashike shoka, nikabeba ndoo. Tulipokezana vile vile tulivyofundishwa, ila safari hii mikononi mlikuwa na kitu. Ndoo ya tisa, moto ukafa. Hakuna aliyeungua hata ukucha. Tulipiga vigelegele mpaka watu wa stesheni wakaja kutazama. Afande, tangu nizaliwe sijafurahi namna ile.

Bwana alirudi saa nane. Hakuuliza nani kaumia. Aliutazama mlango, akamwona Damas na shoka, akaita askari. Mimi nilikuwa ndani napoza mapipa. Nilipotoka alikwishachukuliwa. Damas ananiita mama, ndiyo maana kanyamaza. Mimi sinyamazi.

Kufuli lenyewe ni zima, lile pale mezani, na Bwana yupo nje na ufunguo wake. Naomba afande autie mbele yangu. Miezi minane hatujauona ukigeuka.

Nimesomewa yote, ni maneno yangu, na kidole ninachotia hapa ni cha mkono ule ule ulioshika shoka.

(Dole gumba la kulia: Koleta binti Mahona)

Maandishi ya mpokeaji: Nimejaribu ufunguo mara tatu mbele ya shahidi, hauingii. Bwana Crofton amejaribu mwenyewe, hauingii. Amesema huenda ni wa kabati la nyumbani. Damas ameachiwa saa kumi na moja na robo. Shahidi amecheka sana. Ametaka iandikwe kwamba amecheka.

Koplo Shilinde