Kidole cha Pete

Gazi

Kwa mzazi wangu mpendwa, Mzee Abdurahman,

Assalaam alaykum, na shikamoo baba. Naomba Mungu barua hii ikukute u mzima, na lile goti lililokuwa likikusumbua liwe limetulia. Mama mdogo nisalimie. Sisi huku Gazi hatujambo. Mama naye anakusalimu, ingawa alinikataza nisikuambie. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huuliza habari za mvua kisha ukakata.

Kama ujuavyo, nilikuwa mpiga gitaa la mbele katika bendi ya Harrison, pale hotelini Diani. Nasema nilikuwa. Mwezi uliopita Harrison alileta kijana aitwaye Swabir, mpole, mwenye salamu nyingi, na tangu siku hiyo kitumbua changu kimeingia mchanga.

Baba, kijana huyu vidole vyake kama havina mifupa. Kidole chake cha mwisho hupinda kurudi nyuma bila kulia. Unaijua F, ule mshiko wa gitaa unaotaka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote na vingine vijikunje mbele yake. Mimi nimepigana nayo miaka, na hata ikitoka, uzi mmoja lazima ukorome. Yeye huipiga huku anaangalia pembeni. Harrison alimsikiliza wimbo mmoja tu, akanigeukia akasema, “Kheri, kayamba nayo inataka mtu mzima.” Basi sasa natikisa kayamba nyuma ya spika.

Nikafanya ujinga. Nikawa naloweka mkono katika mafuta ya nazi ya vuguvugu, kisha navivuta vidole nyuma kimoja kimoja ili vilegee kama vyake, mpaka kile cha mwisho kikalia ko na kuvimba. Mama alinikanda huku akinicheka. Sikufichi, baba, ninamwonea wivu, tena si ule wa kusema mashaallah ukapita. Nilimtazama akimenya embe, nikatamani kisu kimteleze.

Nikaanza kumchungulia mkono ili nimtoe kasoro, na kasoro nikaiona. Kidole chake cha pete hakigusi uzi. Hukisimamisha tu juu ya shingo ya gitaa, na kazi yake hufanywa na kile cha mwisho, kinachojilaza juu ya nyuzi mbili kwa pamoja. Uzi mzito huubana kwa gumba kutoka juu. Nikamwuliza kama aliumia. Akakikunja mbele yangu, kizima kabisa. Akasema ndivyo alivyofundishwa, naye alidhani gitaa hupigwa hivyo na watu wote. Nikamwuliza alifundishwa na nani.

“Na baba,” akasema. “Si aliyenizaa, lakini ndiye baba. Yuko Vanga.”

Baba, pwani yote hii namjua mtu mmoja tu ambaye kidole chake cha pete hakikunjiki, kwa kuwa panga lilimkata mshipa akikata boriti mikokoni, nami nikiwa mdogo. Nilijua umeoa Vanga. Kwamba mama mdogo ana mwana, na kwamba umemkalisha mbele yako ukamfundisha, hilo sikuambiwa na mtu.

Mimi nilipokuomba unifundishe, uliushika mkono wangu, ukavigeuza vidole, ukasema ni vikavu, nitafute kazi nyingine. Nikajifunza kwa kuwaangalia watu wa nje harusini. Sasa naelewa kwamba wewe ulikuwa na njia moja tu, ile iliyobaki baada ya panga, nayo inataka kidole cha mwisho kilicholegea, nami sina. Kuelewa naelewa. Lakini hata kosa lako, baba, umempa yeye.

Gitaa la mbele Harrison na ampe, anastahili. Ninachokionea wivu ni kile kidole kilichosimama bure. Jana nilikifunga changu kwa kitambaa kisikunjike, nikaijaribu F yako. Nyuzi zote zikakoroma, na mama akaniuliza kutoka jikoni kwa nini ninalia.

Swabir anakuja huko Ijumaa, na barua hii nimempa yeye. Nimemwambia tu kwamba wewe ni mzee ninayefahamiana naye tangu zamani. Akaniahidi ataifikisha mkononi mwako kabla hajavua viatu, na najua ataifikisha, maana ni mtu mwema, na hilo nalo linaniudhi. Yaliyobaki nimekuachia wewe. Mwambie kwa kinywa chako kwamba una mtoto mwingine anayepiga gitaa.

Mama mdogo nisalimie tena, na majirani wote wanaoniulizia, kama wapo. Goti ulikande kwa maji ya moto. Na ukija Diani kumsikiliza mwanao, pitia Gazi kwanza.

Wasalaam,
ni mimi mwanao,
Kheri