Omena Iliyonyeshewa

Omera Opondo, ndugu yangu mkubwa,

Luanda Kotieno mnaamkaje? Huku Kisumu mdogo wako amekuwa msomi. Katika lile darasa la hasira nililopewa na korti, hakuna wa kunifikia. Wenzangu wanapumua kama ng'ombe wa jembe; mimi napumua kama mbunge aliyelala bungeni.

Mwalimu Nabalayo hutuambia tufumbe macho, kila mtu aende mahali pake pa utulivu. Jirani yangu Wandera huenda hotelini, akale. Mimi hufika hapo ufuoni kwetu. Omena, wale dagaa wetu, imeanikwa juu ya nyavu, inang'aa mpaka sijui ziwa linaanzia wapi. Wewe unaigeuza polepole, umenipa mgongo. Nakuita, hugeuki.

Omera, siku ile omena ilinyeshewa kwa sababu mimi nililala. Ulinigombeza tu, nikakupiga kasia usoni. Darasani nilisema wewe ndiye ulianza.

Ijumaa tunamaliza, na kila mtu aje na mtu wa kwao. Nitasema ukweli, uje usije. Lakini njoo. Nikifumba macho tena, nataka ugeuke, nione kama lile jicho limepona.

Mdogo wako mwenye mdomo,
Absalom