Fomu ya Mtu Aliyenicheka

Mjini Baraka, Jumamosi. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, tope limefika mpaka mlangoni, na mimi nina hasira. Leo sitajifanya sina.

Naandika upesi kabla sijaanza kujipamba. Nikingoja mpaka kesho nitajieleza kama mtu mwema, na asubuhi ya leo sikuwa mtu mwema hata kidogo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: naitwa Feza, niko mwaka wa tatu, nasomea uuguzi katika chuo kimoja cha hapa mjini. Kazi yangu ya mwisho wa masomo, hii tunayoiita TFC, inahusu wanafunzi wanaoumwa akilini huku wanaendelea kuja darasani na mashati yaliyopigwa pasi. Nilichapa fomu ya maswali, nikaigawa kwa wenzangu wajaze bila jina na kuitumbukiza katika katoni ya sabuni niliyoitoboa juu. Mstari wa kwanza wa fomu niliutunga mwenyewe: Usiandike jina lako, hakuna atakayejua kuwa ni wewe.

Leo nimefungua katoni.

Mama alikuwa amekwenda sokoni na dagaa wake, nyumba yote yangu. Nikatandika mkeka, nikamwaga karatasi zote. Nyingi zimejazwa ovyoovyo. Mmoja amechora goli na mpira. Mwingine anasema ugonjwa wake pekee ni kozi ya takwimu, nikacheka peke yangu. Kisha nikashika fomu moja ambayo kila jibu lake limepigiwa mstari chini kwa rula.

Namjua mtu mmoja tu anayepiga mistari kwa rula kila anapoandika. Wilondja, mkuu wa darasa letu, CP kama tunavyomwita. Rula fupi ya plastiki haitoki katika mfuko wa shati lake. Orodha ya mahudhurio, ratiba, matangazo ya ukutani, vyote vinapita chini ya rula ile, na kwa miaka mitatu nimesoma mwandiko wake kila siku ya Mungu.

Sasa inabidi niseme Wilondja alinifanyia nini, la sivyo mtadhani shetani ni mimi.

Mwaka wa kwanza baba alifariki. Tulimzika hapa Baraka, mbali na shamba lake, kwa sababu njia ya kwetu ilikuwa haipitiki wakati ule. Baada ya matanga nikaacha kulala. Nilikuwa nakwenda darasani, nafungua daftari, naandika tarehe, na hapo ndipo ninapoishia. Nikaacha kuchana nywele. Siku ya mtihani wa anatomia nilianza kulia na sikuweza kunyamaza. Nikavua viatu, nikavipanga juu ya meza. Hata leo sijui kwa nini.

Msimamizi alinitoa nje. Kabla sijafika nyumbani, ujumbe ulikuwa tayari katika kundi la WhatsApp la darasa, umetumwa na CP: "Tumuombee dada yetu Feza, kichwa yake haiko tena sawa." Chini yake, picha ya viatu vyangu juu ya meza. Kuna watu walituma mikono ya kuomba na sura za kucheka pamoja, kwa pumzi moja.

Haikuishia hapo. Ulipofika wakati wa mazoezi ya hospitali, CP ndiye aliyepanga vikundi. Jina langu halikuwemo. Nikamwendea uani, mbele ya watu, nikamuuliza. Akatabasamu lile tabasamu lake.

"We Feza, mugonjwa atachunga bagonjwa namna gani? Pumzika kwanza."

Uwanja mzima ulicheka. Hata wale niliokuwa nakula nao sombe kwenye sahani moja walicheka. Chuo kikaniambia nijitafutie kituo cha afya peke yangu wakati wa likizo, nikapanda boti kwenda rasi ya Ubwari, nikatapika njia nzima.

Ubwari siilaumu. Muuguzi mkuu wa kituo kile, tuliyemwita Mama Titulaire, aliniangalia siku tatu tu akajua. Hakuniuliza kama nimerogwa, wala hakunipeleka kufunga na kuombewa. Aliniuliza ni wiki ngapi sijalala. Tulikuwa tunapima watoto uzito, na yeye hakuacha hata kusoma mzani. "Mutoto yangu, hii iko ugonjwa. Iko na jina, na iko na dawa." Nikalia juu ya mtoto wa watu mpaka mama yake akamchukua.

Nilirudi Baraka nikiwa nalala. Nilirudi pia na chuki safi kabisa. Wengine husoma kwa sababu wanapenda kusaidia watu. Mimi kila alama nzuri niliyopata tangu wakati ule niliipata kwa ajili ya kumwonyesha Wilondja. TFC yenyewe niliichagua hivyo. Niliwaza siku ya kuitetea, yeye amekaa pale ukumbini na rula yake, mimi nimesimama nasema kwa Kifaransa kilichonyooka maana ya kumcheka mgonjwa. Nimeifanya hotuba hiyo mbele ya kioo mara nyingi kuliko nilivyosali.

Basi ndiyo fomu iliyokuwa mkononi mwangu leo asubuhi.

Niliisoma kama mtu mwenye njaa. Anasema halali vizuri tangu mwaka mpya. Anakula pale tu watu wanapomwangalia. Swali la kama umewahi kutamani usiwepo tena: "Kila siku." Swali la umemweleza nani: "Hakuna. Mimi ndiye ninayechekesha wengine, nani ataniamini?"

Nilifurahi. Naliacha neno hilo kama lilivyo. Nilifurahi mpaka nikasimama juu ya mkeka.

Halafu nikatafuta jina langu. Ndiyo, nililitafuta. Nilirudi mwanzo wa fomu nikasoma tena kila jibu, nikitaka kuona neno moja kuhusu dada fulani ambaye yeye alimcheka, akamharibia mwaka, na sasa anamwelewa. Hakuna. Sikuwemo. Nimembeba mtu huyu kichwani miaka miwili, na yeye katika uchungu wake wote hakunikumbuka hata kwa nusu mstari.

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli.

Nikachukua simu, nikaipiga picha fomu. Nikafungua kundi la darasa. Nikaandika, neno kwa neno, maana ujumbe wake naujua kwa moyo: "Tumuombee kaka yetu Wilondja, kichwa yake haiko tena sawa." Ahadi ya mstari wa kwanza haikuniuma hata kidogo. Kabla ya kutuma nikaikuza picha, nihakikishe maandishi yanasomeka vizuri, asije mtu akasema haoni. Nilitaka waone wote.

Na kwa kuikuza nikaona sehemu ya chini kabisa, ya maoni mengine, ambayo mara zote mbili niliiruka kwa haraka yangu. "Matokeo yakitoka Jumatatu nitapumzika. Sitasumbua mtu tena." Mstari wa rula chini yake, umenyooka.

Nikakaa tena mkekani. Mama Titulaire alikuwa ametufundisha jambo hilo bila kuzunguka: mtu akisema amechoka, muulize waziwazi kama anawaza kufa, kumuuliza hakumpi wazo jipya. Na akitaja siku, usimwache peke yake.

Yeye ametaja Jumatatu.

Nilifuta ujumbe, nikafuta na picha. Tafadhali msiniandikie hapa chini kwamba nina moyo wa dhahabu. Nilitaka aumie, nataka hivyo hata sasa ninapoandika. Nilitaka aone aibu, tena aione kwa miaka mingi, na kwa hilo inabidi aishi. Nikivaa kandambili nilikuwa namtukana kwa Kibembe na kwa Kiswahili, na machozi yananitoka.

Wilondja anafanya kazi kwa mjomba wake, penye mashine ya fotokopi karibu na soko. Jenereta ilikuwa inanguruma na yeye alikuwa anamtania mama mmoja aliyekuja kutoa nakala ya kadi. Mama yule anacheka mpaka anashika mbavu. Nikasubiri aondoke. Kisha nikaiweka fomu juu ya meza, imelala kifudifudi.

Hakuigeuza. Alijua. Uso wake ulibadilika mbele yangu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeomba niuone uso ule. Sikujisikia chochote nilichokitarajia.

"Umeisha kuituma mu groupe?"

"Niliiandika. Niliifuta."

Nikamuuliza swali lenyewe, iwapo anawaza kufa, kama nilivyofundishwa. Jenereta ilikuwa inapiga kelele, kwa hiyo ilinibidi nimuulize mara ya pili kwa nguvu zaidi, na hilo lilikuwa baya kwetu wote wawili. Akaangalia mashine.

"Ndiyo," akasema. "Nimechoka, Feza. Silalake tena."

"Zima hii mashine. Twende ku hôpital."

"Batu batatuona."

"Mi balishaniona zamani. Tembea."

Tulipita katikati ya soko, mimi mbele, yeye nyuma, kisha nikakumbuka nikamweka mbele ili nimwone. Tope lilinivuta kandambili moja, nikaichomoa. Wenzetu wawili wa darasani walikuwa wananunua ndizi, wakatuangalia wakaangaliana. Niliwasalimu kwa sauti kubwa. Karibu na geti la hospitali Wilondja alisimama akaniomba msamaha. Alisema neno lenyewe, "Unisamehe, dada," na macho yake yako chini.

"Hapana," nikamwambia. "Sikukuja juu ya ile. Ingia."

Najua ilikuwa ukatili. Lakini ningemwambia ndiyo, ningekuwa namdanganya mgonjwa, na mimi nilidanganywa vya kutosha nilipokuwa mgonjwa.

Kuna muuguzi pale aliyesomea magonjwa ya akili, na kwa bahati leo alikuwa zamu. Kabla ya kumfikia ni lazima upite mezani kwa mama wa daftari, na kwetu mgonjwa hapokelewi bila garde-malade, mtu wa kukaa naye na kujibu kwa ajili yake. Yule mama akaandika jina la Wilondja, akaandika langu, akaniangalia juu ya miwani.

"We uko nani yake?"

"Niko adui yake."

Akacheka sana. "Batoto ba sasa!" Akaandika: dada.

Sikumsahihisha. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi zaidi ya saa mbili. Alipotoka kwa muuguzi, macho mekundu, tukampigia dada yake wa kweli, Mapendo, akaja mbio na kitenge kimefungwa ovyo. Muuguzi alimweleza yote waziwazi: asiachwe peke yake hata kidogo, dawa azishike Mapendo, na arudi hapo Jumatatu asubuhi. Mapendo alinishika mikono akanibariki. Sikujua pa kuuficha uso wangu, kwa sababu kama saa tano asubuhi nilikuwa na picha ile tayari na kidole juu yake.

Tukiwa tunangoja, Wilondja aliniuliza kama nitaandika haya hapa. Nikamwambia sijui kunyamaza. Akakubali, kwa sharti asijulikane. Kwa hiyo Wilondja si jina lake, kazi yake si fotokopi, cheo chake darasani ni kingine, na kilichonifanya nimtambue hakikuwa rula. Ningependa kuviacha vya kweli. Nimevibadilisha huku nimeuma meno.

Fomu yake nimeitoa katika kazi yangu. Itabidi nimweleze mwalimu anayeniongoza kwamba niliahidi siri na siri hiyo nimeivunja mara mbili, mara ya kwanza kwa ubaya na mara ya pili kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Huenda akaniambia nianze upya na mada nyingine. Nitalia, nitaanza upya.

Mama amerudi na dagaa wawili watatu waliobaki. Ameniuliza kwa nini macho yangu yamevimba. Nimemwambia moshi, na sijawasha moto.

Najichunguza nione kama chuki imepungua. Haijapungua. Nikikumbuka siku ile uani bado nataka kumpiga kofi. Halafu hapohapo natazama simu nione kama Mapendo ameandika, na akichelewa nampigia mimi. Ameandika mara mbili: amekula kidogo, sasa amelala.

Jumatatu matokeo yanabandikwa saa tatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, twende wote hospitalini, na asipofungua nitauvunja mlango. Kumsamehe bado sijaamua. Lazima awepo siku nitakapoamua.