Dakika Mbili za Kuipumzisha

Uko wapi? Pokea simu. Nimekwisha mwenzangu, nimekwisha.

Gari ya kaka. Turbo ya injini imekufa. Nimetoka gereji sasa hivi.

Unakumbuka alivyonikabidhi ufunguo kabla hajasafiri? Alisema, "Hii ina turbo. Kila ukifika unakokwenda, ipumzishe dakika mbili ndipo ushuke." Miezi minane nimeipumzisha! Kwenye jua, kwenye mvua, hata siku ile nimebanwa na mkojo, wewe mwenyewe ukanicheka.

Leo ikaanza kupiga mluzi na kutoa moshi wa bluu. Fundi kaifungua, kaniuliza, "Dada, hii huwa unaizima ikiwa ya moto?" Nikamwambia hapana, mimi naipumzisha. "Unaipumzishaje?" Nikamwambia nazima, halafu nakaa ndani dakika mbili.

Akaweka spana chini.

"Unazima KWANZA?"

Nazima kwanza! Kwani kupumzika ni nini jamani? Mtu anapumzika huku anakimbia?

Kumbe unaiacha injini ingurume gari imesimama, oili izunguke ipoze turbo, ndipo unazima. Mimi nilikuwa naikatia oili ikiwa ya moto, halafu naikalia kama naibembeleza. Fundi kawaita wenzake waje wanione.

Sasa sikia. Kaka kapiga simu nikiwa bado palepale. Anarudi Ijumaa. Hata salamu hakumaliza: "Gari unaipumzisha lakini?"

Nikamjibu, "Kila siku, kaka."

Na sijamdanganya hata dakika moja.