Kiungulia cha Fundi Vigae na Kopo la Vidonge

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako na usinicheke, maana kazini wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni fundi wa kupanga vigae, nina mke na watoto watatu, na mwaka huu wote kifua kinaniwaka kuanzia chembe cha moyo mpaka kooni, nikiinama kupanga kigae maji machungu yananipanda mdomoni, nikilala chali nakohoa kama niliyepaliwa, na wenzangu wamenibatiza jina la Jiko, nikifika tu msimamizi anauliza, "Jiko, leo umewaka au tukuchochee?" nami nacheka nao huku roho iko juu. Nikaona dawa ni kuacha kula mchana, maana tumbo likiwa tupu hakuna cha kupanda, basi nameza vidonge vyangu vya magoti na maji matupu, vile vya maumivu ambavyo mafundi wote tunachota kwenye kopo moja, kwa sababu bila hivyo hakuna anayeweza kupiga magoti kwenye zege kutwa nzima, halafu jioni nakula kwa pupa na kulala. Siku hizi chakula kikavu kinakwama kifuani mpaka nikisukume kwa maji, suruali zinanivuka, na nikipanda ngazi na ndoo ya gundi naona kizunguzungu. Kaka yangu mkubwa alilalamikia kifua hivihivi, tukamwambia ni gesi, akaanguka akafa, ndiyo maana kila kikiwaka nashika mapigo ya mkono wangu nisikie kama moyo bado uko sawa. Mke wangu akiniuliza namjibu ni uchovu, na sijamwambia kwamba choo changu kimekuwa cheusi, kinanata kama lami, ingawa hilo nadhani ni dawa ya maji ya kiungulia niliyonunua dukani. Niambie ukweli, kiungulia kinaua? Na ninaweza kusubiri mpaka tumalize jengo hili?

Jiko

Jiko, pole sana. Nilipofika kwenye choo cheusi niliacha kusoma, nikapiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Ulipokea, mashine ya kukatia vigae inalia nyuma yako, nikakwambia nenda hospitali sasa hivi. Ukanijibu, "Sawa, dada, nikimaliza hili bafu." Nimepiga tena, hupokei. Basi nakujibu hapa, na wenzako wa kopo nao wasome.

Kiungulia peke yake ni nadra kuua mtu. Ulichonieleza si kiungulia peke yake. Choo cheusi cha kunata pamoja na kizunguzungu vinaashiria damu inayovuja tumboni, na hiyo inaua. Vidonge vya maumivu huchubua tumbo hadi kuleta kidonda, na wewe unavimeza kila siku bila chakula. Zipo dawa zinazogeuza choo kikawa cheusi, ni kweli, lakini atakayelisema hilo ni daktari akishakupima, si wewe ukiwa umepiga magoti bafuni kwa mtu. Kukwama kwa chakula na kukonda kunataka kipimo cha kamera inayopitishwa kooni mpaka tumboni. Huenda ni kovu lililoachwa na asidi ya tumbo, huenda ni saratani. Mimi sijui, nawe hujui.

Kuhusu marehemu kaka yako, hofu yako naielewa. Kifua kikikubana, maumivu yakaenda mkononi au tayani na jasho likakutoka, hiyo ni dharura ya moyo, kimbilia hospitali, usikae kushika mapigo. Ila umekaa unasikiliza mkono huku tumbo linakwambia jambo lingine waziwazi, ukalificha hata kwa mkeo. Hukumpunguzia wasiwasi. Umemnyima nafasi ya kukuvuta kwa nguvu akupeleke.

Usimeze tena hata kidonge kimoja cha kopo lile. Usiende peke yako wala usiendeshe chochote, unaweza kuzimia njiani. Mpigie mkeo sasa, mwambie yote, mwende kitengo cha dharura na lile kopo la vidonge. Ukifika mapokezi usiseme una kiungulia, utaonyeshwa benchi usubiri. Sema hivi: "Natoa choo cheusi kama lami, naona kizunguzungu, na nameza dawa za maumivu kila siku."