Karo Ulilolifanya Ndiva

Kwako baba Namsifu, huko uliko,

Jogoo akiwika bado nasikia jembe lako likishushwa ukutani. Lile jembe nilishampa kaka yangu, liko kwake ng'ambo ya kilima, na bado nalisikia. Kisha hatua zako uani, kisha kile kikohozi chako cha kuniambia umetoka. Nabaki nimekodoa macho mpaka kunapambazuka. Watu wananiambia ni majonzi, yatapita. Mimi nakwambia mwenyewe bila kuzunguka: acha. Unanitisha.

Nakumbuka wiki niliyoolewa, uliponipandisha kwenda kuona ndiva ya ukoo wenu, bwawa lile la mawe na udongo juu ya mashamba. "Maji yanaingia jioni, yanalala, alfajiri nayazibua," ukaniambia, kifua mbele. Ukachomoa gogo la kuzibia, maji yakachomoka, nami nikalowa mpaka kiunoni. Nikakuuliza kama nimeolewa na mtu au na mfereji. Ulicheka siku nzima. Miaka yote uliyoshika ndiva ile hakuna mtu aliyelalamika kwamba umempunja zamu yake, na hilo nitalisema popote.

Basi shule ya bweni ilipojengewa karo la maji machafu, nani mwingine wa kulitunza? Yule Mzungu aliyelijenga alikuonyesha harakaharaka kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, akashuka zake Same kupanda treni. Nilitamba kwa wanawake wenzangu, usiseme. Maji ya vyoo na bafu za wasichana yalikuwa yakiingia humo, na chini kabisa palikuwa na tundu lenye kizibo. Ulipokiona tu kile kizibo, hukuuliza tena. Kila alfajiri ukitoka ndivani ulipita shuleni, ukazibua karo. "Yamelala usiku kucha," ulisema, "yameiva." Ukachimba mfereji mdogo mpaka kwenye migomba ya shule, na migomba nayo ikakubali! Mkungu mmoja ulibebwa na watu wawili. Watu walikusifu, nawe hukuwa mtu wa kukataa sifa, tusidanganyane.

Masika ile mvua iligoma kukatika. Maji ya migombani yakateremka mpaka kwenye mfereji wa watu wa bondeni, wanaochota humo maji ya kunywa. Ikaja homa ya matumbo. Waliokwenda ni watoto, baba Namsifu. Na Mbonea wetu naye akaenda, mtoto wa kwanza wa Namsifu, aliyekuwa akikung'ang'ania mguuni ukitaka kuondoka. Ulimfukia mwenyewe, ukamkatalia kila aliyetaka kukupokea jembe.

Halafu likaja la shangazi yako Nambike. Alikuwa amegombana na watu wa bondeni juu ya zamu yake ya maji, akawatupia maneno: "Haya, yanyweni basi, tuone yatawafikisha wapi!" Mdomo wake tunaujua, haukuanza juzi. Lakini watu walipokwisha kuzika walilikumbuka neno lile, wakasema ametia kitu majini. Barazani kwa mfumwa, mkuu wetu huyu anayetambuliwa na serikali ya Mwingereza, hapakuwa na hata mmoja wa kumtetea. Wakamfukuza, wakamteremsha Same na kapu lake, mwanamke mzee vile. Wewe ulikaa unatazama miguu yako. Nilidhani ni aibu ya ukoo.

Ulipougua ulikuwa ukipiga kelele, "Zibeni! Zibeni jamani!" Nikadhani ni ndiva. Nilikufuta jasho nikakwambia imezibwa, lala. Siku moja ulinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado unayo, ukasema, "Siyo ile." Nikadhani ni homa inasema. Ukanigeuzia mgongo, na mpaka unakata roho hukunitazama vizuri tena.

Baada ya msiba akaletwa fundi mmoja, Mpare mwenzetu wa Ugweno, kutengeneza karo, maana bweni lilikuwa linanuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia. Siku hiyo nilikuwa nakusifu, namweleza jinsi ulivyokuwa ukilizibua bila kukosa, hata Jumapili kabla ya ibada. Akaacha kutafuna.

"Kila siku, mama?"

"Kila siku ya Mungu."

Akanionyesha kwa sufuria la uji lililokuwa mbele yetu. Karo hukaa limejaa, akasema. Uchafu mzito unazama chini, unaozea humohumo taratibu. Mafuta na povu vinabaki juu. Maji ya katikati ndiyo yanayotoka polepole kwa bomba la juu, yanaingia kwenye shimo la mawe, na udongo unayachuja. Kile kizibo cha chini ni cha kufunguliwa baada ya miaka, kutoa tope na kulifukia mbali na watu. "Mzee alikuwa anaendesha ndiva," akasema. "Kila siku uchafu ulikuwa unatoka mbichi." Ewe Mola! Nilimwambia ale, chakula kitapoa.

Nikashuka Same. Shangazi yako anachoma mihogo karibu na stesheni, mgongo umepinda. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mke wa mwanangu. Umenenepa, nani anakulisha?" Yuleyule! Nikamwomba maji. Mtungi ulikuwa pale kando ya mguu wake, lakini akamwita mtoto wa jirani aje anichotee. Kata ya kuchotea haishiki. Hata yeye mwenyewe hunywa kwa kumiminiwa kiganjani. "Wasije wakasema," aliniambia, akageuza mihogo. Nililia mbele ya abiria wote, naye akanikemea kwamba namfukuzia wateja.

Sikumwambia. Niliona wa kwanza kuambiwa ni mama wa Mbonea. Juzi nikamkuta Namsifu anamenya ndizi, nikaketi, nikamweleza yote, karo, kizibo, migomba, masika. Mwishowe akauliza neno moja tu: "Baba alijua?"

Nijibu nini? Ulipokuwa unazibua hukujua, hilo nitaapa mbele ya madhabahu. Lakini pale barazani, ulipokuwa unatazama miguu yako? Ulikuwa umeshaacha kuzibua wakati ule. Nimekaa nikahesabu nyuma nikakumbuka: baada ya kumzika mtoto ulirudi moja kwa moja kutoka ndivani, hukupita tena shuleni. Mwenyewe nilikuuliza, ukasema wamempa kazi mtu mwingine. Hawakumpa mtu. Nimewauliza.

Nina hasira na wewe, mume wangu. Homa ningekusamehe kabla hujamaliza kuomba. Lakini yule mama alikubeba mgongoni ulipofiwa na mama yako, ukamwacha ateremke na kapu.

Kesho ni baraza. Ndugu zako wamekuja kunikataza, eti marehemu hasemwi, eti nitawavua watoto nguo. Nimewasikiliza, nimewapa chai, nimewaambia nitakwenda. Nitasimama nitaje jina lako na la baba yako, asije mtu akadhani namsema mwingine. Namsifu ameteremka Same leo kumleta bibi yake Nambike. Alipita mlangoni kwangu hakuniaga, na sijui kama atanisalimu akirudi. Nikishamaliza kusema nitakuwa mjane wa mtu aliyemuua mjukuu wake akanyamaza, na mjane huyo bado anakupenda, na hilo ndilo sitawaambia.

Mkeo,
mama Namsifu